Mngazija au Mkomoro?

SWALI: Hapa Kibokoni, mtu yeyote atokaye visiwa vya Komoro tunamwita Mngazija. Mgeni kutoka Nzwani amekataa jina hilo, na redioni husema "Mkomoro". Lipi sahihi? Na mtoto aliyezaliwa Mombasa na wazazi wa asili ya huko, uraia wake uandikweje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mgeni wako ana haki. Ngazija ni kisiwa kimoja, kile kikubwa chenye volkano ya Karthala na mji mkuu, Moroni. Nzwani, Mwali na Maore ni vingine. Nanyi hamkubuni kosa: Waswahili walilichukua jina la kisiwa kikubwa wakaviita vyote, na Mji wa Kale bado linaeleweka hivyo. Lakini mwenyewe akikataa, mwacheni na jina lake. Mpemba naye hapendi kuitwa Muunguja.

Kwa uraia, neno ni Mkomoro, wingi Wakomoro: raia wa dola iliyopata uhuru kutoka kwa Ufaransa tarehe 6 Julai 1975. Tahadhari ni kwa Maore. Bendera ya Komoro ina nyota 4 na moja ni ya kisiwa hicho, lakini chenyewe kilibaki chini ya Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa wake kamili. Mwenye pasipoti ya Ufaransa ukimwandika Mkomoro kwenye fomu, umempa uraia ambao karatasi zake hazionyeshi, na fomu itarudishwa. Penye "uraia" fuata pasipoti. Umaore wake ni asili.

Kwa mtoto ni vivyo hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010 hutazama uraia wa baba au mama, si mahali alipozaliwa. Mzazi mmoja akiwa Mkenya, naye ni Mkenya. Asili ikihitajika, sema "Mkenya wa asili ya Kingazija", au ya Kinzwani, kulingana na kisiwa cha wazee wake.

Tahajia nayo huharibiwa sana. Ni Mngazija, si "Mgazija" wala "Mng'azija": n ni ya shina, na ng hutamkwa kama katika ngazi, si kama katika ng'ombe. Wa Nzwani ni Mnzwani. Wa Mwali mwite "mtu wa Mwali", na herufi kubwa usiiache, maana mwali kwa herufi ndogo ni msichana aliyevunja ungo. Upatanisho pia: "Komoro imeshinda", ila "Visiwa vya Komoro vimeshinda".

Lugha ya visiwa vyote ni Kikomoro. Kingazija ni lahaja ya Ngazija tu. Wenyewe husema Shikomori na Shingazija, na hiyo shi- ndiyo ki- yetu. Kwa hiyo "Kishingazija", tunayoisoma mara kwa mara, ina viambishi viwili vya kazi moja. Futa kimoja.