Picha za wafanyakazi 60 ofisini Posta: uchague mpiga picha yupi, na umbane wapi

Mkuu mleta mada, kama nimekuelewa: ofisi iko ghorofani Posta, Dar, wafanyakazi 60, bosi anataka picha mpya ya kila mmoja kwa ajili ya tovuti, vitambulisho na LinkedIn. Umepokea profoma (makadirio ya bei) tatu, ya juu ni karibu mara tatu ya ile ya chini, na unauliza uchukue ipi. Kwa jinsi ulivyozieleza, zote tatu zimeandika "kupiga picha wafanyakazi 60" zikaishia hapo. Hazisemi kila mtu anapata picha ngapi zilizosafishwa (zilizorekebishwa kwenye kompyuta), wala taa ngapi zinakuja, wala ni siku ngapi. Ukizipanga kwa bei unalinganisha embe na nazi.

Kwanza elewa unachonunua. Sio picha 60. Ni mpangilio mmoja unaoweza kurudiwa. Anayekaa kwenye kiti saa 3 asubuhi na anayekaa saa 9 alasiri wafanane mwanga, ukubwa wa kichwa na rangi ya nyuma, na yule mtakayemwajiri mwezi wa tatu awekwe katikati yao kwenye tovuti asionekane mgeni. Mpiga picha hodari wa harusi anaweza kuchemka hapa, maana yeye amezoea kukimbiza tukio. Kazi hii haina tukio.

Kwa hiyo usimwombe picha zake kumi bora, kila mtu anazo. Mwombe seti nzima ya ofisi moja, watu 20 na kuendelea waliopigwa siku moja. Zipange kwenye skrini kama zitakavyokaa kwenye tovuti. Macho yako kwenye mstari mmoja, au wengine vichwa vimegusa juu na wengine wamezama? Kijivu cha nyuma ni kilekile, au kinaanza na ubluu kinaishia na unjano? Halafu tafuta mtu mweusi sana aliyewekwa jirani na mtu maji ya kunde au Mhindi. Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga mbele ya ukuta mweupe, inadhani kuna mwanga mwingi mno, inapunguza, na uso mweusi unageuka kivuli. Fundi akiuvuta kwenye kompyuta unakuja na chenga na rangi ya majivu. Anayejua kazi anapima mwanga wa uso kwa mkono, na anaongeza kidogo kwa anayehitaji bila kugusa kitu kingine.

Dhambi ya upande wa pili ni kung'arisha ngozi. Kuna mafundi wanafanya hivyo kwa kila picha bila kuulizwa, wakidhani wanakupendezesha. Liandike kwenye mkataba kwa maneno haya haya: rangi ya ngozi haibadilishwi. Kinachofutwa ni kile ambacho kitakuwa kimeondoka baada ya wiki mbili: chunusi, jasho, uzi kwenye koti, wekundu wa macho. Kovu, baka la kuzaliwa na mwanya vinabaki, isipokuwa mwenyewe aombe.

Vifaa. Huna haja ya kujua aina ya kamera, uliza taa. Jibu linaloridhisha ni kama hili: taa kuu moja yenye softiboksi (boksi la kitambaa linalolainisha mwanga) ya sentimita 90 hadi 120, ikae mita moja hadi moja na nusu kutoka usoni, pembeni kwa nyuzi kama 45, juu kidogo ya macho, bodi nyeupe au rifleta chini ya kifua kuinua vivuli vya macho na kidevu, na taa ya pili ndogo kwa nyuma, itenganishe nywele nyeusi au hijabu nyeusi na bakigraundi. Lenzi ya milimita 85 kwa kamera yenye sensa (kile kinachonasa picha ndani ya kamera) kubwa, au 50 kwa sensa ndogo, kamera ikiwa mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwa mtu. Akikuambia anakuja na flashi ya juu ya kamera peke yake, tarajia vipaji vya nyuso vinavyomeremeta na kivuli cha kichwa ukutani. Na kwa wale watakaosema "si tupige tu kwa simu": pua inayovimba kwenye picha ya simu haitokani na ubovu wa simu, inatokana na kusogea karibu mno. Umbali ndio unaopanga sura.

Chumba kiwe angalau mita 3 kwa 5. Mtu akae mita moja na nusu au zaidi kutoka kwenye bakigraundi, la sivyo kivuli chake kinamfuata. Chumba cha mikutano kinafaa kama meza inasogezeka. Kama imefungwa sakafuni, tafuta kwingine mapema. Pazia zifungwe na taa za dari zizimwe. Jua la dirishani la saa 4 si la saa 9, na taa nyingi za dari zina ukijani unaochanganyika na mwanga wa flashi, nusu ya uso ikawa rangi nyingine. Kurekebisha hilo kwa picha moja ni rahisi, kwa 60 ni adhabu.

Rangi ya nyuma, kwa maoni yangu chukueni kijivu cha kati na msibishane sana. Nyeupe inataka kumulikwa kwa taa zake yenyewe, mara nyingi mbili, ama sivyo inatoka chafu. Nyeusi na bluu iliyokolea zinameza suti na nywele. Roli la karatasi ni bora kuliko kitambaa, kwa sababu kitambaa kilichokunjwa kwenye begi kinakuja na mistari yake, na pasi ofisini kwenu haipo. Kwa mtu mmoja mmoja roli la upana wa mita 1.35 linatosha.

Uliza pia taa zinakula betri au soketi. Umeme ukikatika katikati ya zamu, mwenye taa za betri anaendelea na kazi. Mwenye za soketi anasubiri jenereta, na foleni ya watu 30 inasubiri naye.

Sasa ratiba, maana hapa ndipo ofisi nyingi zinajiumiza zenyewe. Dakika 5 kwa mtu mara 60 ni saa 5 kamili bila pumzi, na hakuna ofisi duniani ambayo watu wanafuatana hivyo. Hesabu dakika 7: kuketi, kurekebisha kola, picha 10 hadi 15, kuchagua. Hiyo ni saa 7, ongeza saa nzima ya kusimika vifaa na dakika 45 za kuvifungua na kufungasha. Gawanya siku mbili, watu 30 kila siku, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 na nusu, mchana ubaki wa waliochelewa. Epuka Ijumaa mchana kwa ajili ya swala, Jumatatu asubuhi, na mwisho wa mwezi kwa wahasibu. Kipindi cha masika weka siku ya akiba: mvua ikijaa Jangwani nusu ya orodha yako iko njiani, na watakaofika watafika wamelowa.

Hata bila mvua, Dar ni joto. Aliyetoka kwenye basi la mwendokasi asiketi moja kwa moja mbele ya taa. Apate dakika 10 kwenye AC, tishu ya kukandamiza uso (asisugue), maji ya kunywa. Kioo kikubwa kiwe nje ya chumba, sio ndani, kila mtu ajimalize huko. Muwe makini na poda: zile nyeupe zisizo na rangi, pamoja na baadhi ya mafuta ya kujikinga na jua, zinarudisha mwanga wa flashi na uso mweusi unatoka kama umemwagiwa unga. Kwenye kioo hazionekani kabisa, picha ndiyo inayoziumbua. Poda iwe ya rangi ya ngozi ya mhusika, na picha ya kwanza ikaguliwe kabla ya kuendelea.

Miwani: taa ipandishwe, kidevu kishuke kidogo, au mikono ya miwani iinuliwe kidogo juu ya masikio ili kioo kielekee chini. Miwani inayojigeuza nyeusi juani ivuliwe dakika chache kabla, mbali na dirisha. Hijabu inabaki kama ilivyo, hakuna mjadala. Mwenyewe ahakikishe pini haing'ai. Kwa mfanyakazi mwenye ualbino, macho yake huumizwa na mwanga mkali. Flashi ipunguzwe nguvu, apumzike kati ya picha, asilazimishwe kukodolea taa, na mwanga upimwe upya kwa ajili yake. Kiti kiwe cha kupanda na kushuka ili kamera ibaki usawa wa macho kwa mrefu na mfupi.

Ujumbe kwenye grupu la WhatsApp uende siku tatu kabla. Unaweza kunakili huu:

"Ndugu wafanyakazi, Jumatano na Alhamisi tunapigwa picha za ofisi, chumba cha mikutano. Saa yako iko kwenye orodha iliyoambatanishwa. Fika dakika 10 kabla. Vaa nguo ya rangi moja, isiwe na mistari midogo midogo. Koti kama unalo. Kitambulisho cha shingoni kivuliwe. Kunyoa au kusuka, fanya siku mbili kabla, sio asubuhi hiyo. Picha zitatumika kwenye tovuti, vitambulisho na LinkedIn. Usiyependa yako itumike mahali fulani, niambie mapema."

Mistari midogo inakatazwa kwa sababu kwenye skrini inatengeneza mawimbi ya ajabu. Na sentensi ya mwisho usiikate. Picha ya mtu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Pata ridhaa ya maandishi, kwa kila matumizi, hata kama ni ukurasa mmoja wa kusaini mlangoni.

Majina. Watu 60 kwa picha 15 ni faili 900 zisizo na jina. Kubalianeni mapema: kabla ya picha ya kwanza, mtu anashika karatasi yenye namba yake ya ajira, inapigwa, ndipo kazi inaanza. Faili za mwisho zipewe namba hiyo hiyo. Mpiga picha akiunganisha kamera na laptopu, mhusika achague yake papo hapo kabla hajainuka. Dakika mbili hizo zinakuokoa na mwezi mzima wa "mimi sikupenda ile". Kamera iwe na nafasi mbili za memori kadi, zote zikiandika.

Kwenye profoma mpya uwaombe wote watatu waandike kitu kimoja: siku mbili, watu 60, picha moja iliyosafishwa kwa kila mtu na ya ziada kwa bei gani, siku ngapi hadi kukabidhi, na nauli ya vifaa ni ya nani. Anayetoza kwa kichwa muulize kiwango cha chini, maana watu 12 wasipotokea atataka zake tu, na ni haki yake. Mafaili yawe ya aina mbili: kubwa la kuchapa, na dogo la mraba kwa tovuti, rangi ya sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini), kwa Google Drive au flashi ya USB. Zikitumwa WhatsApp kama picha za kawaida zinabanwa, labda atume kama dokumenti. Muulize TIN (namba ya mlipakodi) na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) mapema. VAT ya asilimia 18 iandikwe imo au haimo, na mhasibu wenu atakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye huduma, kwa hiyo mpiga picha alijue hilo kabla hajapanga bei. Malipo ya awali yaende kwa jina la biashara, sio namba ya simu ya shemeji yake. Haki ya kutumia picha bila kikomo cha muda iandikwe, na kama naye anataka kuzitumia kujitangaza, aombe.

Walinzi wa jengo wapewe orodha ya vifaa na namba zake siku ya kuingia, ama sivyo jioni atazuiwa getini na mabegi yake.

Na kabla hajafungua taa na kuzifungasha siku ya pili, mwombe karatasi moja ya vipimo: umbali na urefu wa taa, nguvu yake, lenzi, namba za kamera (mfano f/8, ISO 100, 1/160), jina la rangi ya roli, umbali wa kiti. Weka na alama za gundi sakafuni, zipige picha kwa simu. Mwezi wa tatu mfanyakazi mpya akija, utamwita huyu huyu au mwingine, utamkabidhi karatasi hiyo. Asiyekubali kuitoa, mimi ningemwacha hata kama ndiye wa bei ya chini.