Re: Vichwa vya treni vya Tanga vilitengenezwa wapi?

Mkuu, umeuliza kama vichwa vya reli yetu ya Tanga viliwahi kuundwa hapa nchini. Hapana. Karakana zetu, kama ile ya Morogoro, ni za matengenezo, na kazi hiyo si ya kubeza.

Reli ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Vichwa vya mvuke vya Wajerumani vililetwa kwa meli. Baadaye Waingereza wakaleta vyao. Kwangu mimi mbabe wa zama za mvuke ni Garratt, kichwa cha mvuke cha kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, Uingereza. Boila iko katikati, mitambo miwili ya magurudumu mbele na nyuma, kila mmoja unajipinda kivyake. Uzito unatawanyika, hivyo reli nyembamba ya mita moja inaubeba, na kona kali hazisumbui. Zile Garratt kubwa 34 za aina ya 59 zilivuta mizigo Mombasa–Nairobi, si huku kwetu (wazee wa vijiweni watabisha!).

Dizeli zilikuja kutoka nje pia, zikiwemo za Kanada na India. Vichwa vya umeme vya SGR, reli yetu mpya ya kisasa, ni vya Hyundai Rotem, Korea Kusini.