Kwa Wanaoanza Masomo ya Mipango Miji: Jinsi ya Kuusoma Mji Usio na Mto

Ninyi mnaoanza masomo haya mtafundishwa mapema kwamba miji mikubwa huzaliwa kando ya mito. Nami niliamini hivyo, hadi nilipopewa kazi ya kuchora ramani ya maji ya Mombasa, nikautafuta mto kisiwani nisiuone. Tangu hapo huanza na maswali mawili: ni nini kiliwaweka watu mahali hapa kabla maji hayajatosha, na maji wanayokunywa leo yanatoka wapi?

Mombasa watu waliwekwa na bandari. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na ule wa kusi. Baadaye meli kubwa zikahamia Kilindini, ambako jina lenyewe linakueleza kina cha maji, na mwaka 1896 ujenzi wa reli ya kwenda bara ukaanzia hapo. Wakati huo wote wakazi walitegemea visima na maji ya mvua. Ingieni Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, mtaona birika la kukinga mvua na kisima kirefu chenye maji ya chumvi, yasiyofaa ila kwa kuoshea.

Kisha lifuateni bomba. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu hunywewa na mawe ya volkeno, hupita chini ya ardhi na kuibuka katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo, ambako bomba la zaidi ya kilomita 200, lililokamilika katika miaka ya 1950, huyachukua maji hayo hadi pwani. Maji mengine hutoka Marere, Tiwi na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Kumbe mji usio na mto huweza kunywa mto wa mbali. Hapa msipite haraka, kwa maana wakazi wa Taita Taveta, ambako Mzima ipo, wamedai kwa miaka mingi wafaidike na maji hayo, na dai hilo ni sehemu ya mpango wa mji sawa na barabara zake.

Dodoma, iliyochaguliwa kuwa makao makuu ya Tanzania mwaka 1973, isomeni vivyo hivyo kuanzia visima vya Makutupora vinavyoupa mji huo maji.

Tena, nendeni mitaani siku ambayo mifereji imekauka, mhesabu mikokoteni ya mitungi na kuuliza bei ya kila mtungi, nyumba kwa nyumba.