Msigombane na nyungu ya mama

Dada, umesema mama yako mwenye kisukari amekataa chanjo ya korona, anajifukiza nyungu, yaani mvuke wa maji ya majani yaliyochemshwa, kila jioni, na nyinyi watoto mmegawanyika hadi hamsalimiani. Pole sana.

Kwanza acheni kumcheka. Januari 2021 Rais Magufuli alisema chanjo hazifai, akahimiza kujifukiza. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa hadharani. Mtu mzima aliyesikia yote mawili kutoka kwa wakuu wa nchi ana haki ya kuuliza.

Mimi nilikaa chini na mama mkwe, nikamshikia blanketi, mvuke wa mchaichai na malimau ukitupanda usoni. Nikamwambia: mama, huu unakupa nafuu ya pua, lakini hauui virusi, navyo vinashuka mapafuni. Chanjo inaufundisha mwili kuvitambua mapema. Alinisikiliza kwa sababu sikusimama mlangoni nikifoka.

Kwa hiyo mpelekeni kwa muuguzi anayempima sukari, amuulize mwenyewe, nanyi mnyamaze. Dawa zake za sukari asiziache hata siku moja. Na lile sufuria la nyungu lisikae karibu na miguu yake. Maji yale yanababua vibaya, na kidonda cha mwenye kisukari hakiponi upesi.