Maswali Yenu: Mafuta Kutoka Kwenye Mabua

Nimesikia kuna fangasi wanaotengeneza mafuta kwa mabua ya mahindi. Kweli, au tunapigwa kamba? (Msomaji, Usa River)

Kweli, na si wale wa miguuni. Kondoo wa Kimasai huweka akiba mkiani. Fangasi hawa huiweka ndani ya seli. Ukiwakausha, mafuta huzidi asilimia 20 ya uzito wao, na wapo wanaofika 70. Siri ni kuwapa sukari tele na kuwabania naitrojeni. Bila naitrojeni hawawezi kuongezeka, basi sukari inayobaki wanaigeuza mafuta.

Nikiloweka mabua kwenye pipa yakaota ukungu, nitakamua mafuta? (Msomaji, Kibosho)

Utapata mboji tu. Sukari ya bua imo ndani ya nyuzi ziitwazo selulosi na hemiselulosi, na kitu kigumu kiitwacho lignini kimezibana kama saruji. Lazima bua lisagwe, lipikwe kwa mvuke au asidi hafifu, kisha vimeng'enya, yaani protini za kuvunjavunja, vizivunje nyuzi hizo ziwe sukari. Mama anayepika mbege ananielewa: ulezi huuotesha kwanza uwe kimea, ndipo wanga wake uanze kugeuka sukari. Bua ni gumu zaidi ya ulezi, na likipikwa kupita kiasi hutoa kemikali kama furfurali, zinazowadumaza fangasi wenyewe.

Vimeng'enya hivyo navyo hutoka kwa fangasi mwingine, Trichoderma reesei. Aligunduliwa Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili, akila mahema ya jeshi la Marekani. Mharibifu yule leo ni kibarua wa kiwandani.

Kilo moja ya mafuta inakula mabua kiasi gani? (Msomaji, Himo)

Kwa hesabu za kemia, gramu 100 za sukari hutoa mafuta gramu 32 hivi. Kwenye tangi ukipata 20 umefanya kazi nzuri. Kwa hiyo kilo moja inataka kilo tano za sukari, yaani mabua makavu yasiyopungua kilo kumi. Sasa waulize ng'ombe wa mlimani, wanaopandishiwa mabua kwa pikapu kutoka tambarare, kama watakubali! Ndiyo maana siyaoni mafuta haya yakishindana na alizeti.

Yanaliwa? (Msomaji, Sakina)

Inategemea fangasi. Mafuta ya fangasi aitwaye Mortierella alpina yamo kwenye baadhi ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga, na bei kubwa ya bidhaa kama hiyo ndiyo inayolipa gharama za kiwanda. Lakini usichanganye mambo: ukungu wa kijani kwenye mahindi ya ghalani unaweza kuwa na sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hayo usile, usilishe kuku.

Sina kiwanda. Nifanye nini na mabua yangu? (Msomaji, Tengeru)

Panda uyoga mamama. Katakata mabua, yachemshe, yakipoa changanya na mbegu za uyoga, shindilia kwenye mifuko, weka gizani. Mfuko ukishakuwa mweupe wote, utoboe na uanze kunyunyizia maji.