Achana na Mashine, Andika Kanuni: Nilivyopiga Filamu ya Kurudi Mwaka 1983

Juma lililopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Kaka, nina laki tatu na simu. Nataka filamu ya kurudi miaka arobaini nyuma, baba, mama na watoto waangalie pamoja. Mashine ya kusafiria naitengenezaje?" Nikakosa usingizi. Swali hilohilo lilinila miaka miwili.

Mimi pia nilianza na mashine. Fundi wa kuchomelea aliniundia boksi la bati lenye taa za rangi, likameza nusu nzima ya laki sita nilizodunduliza. Hadithi ilikuwa ya mabinti wawili wanaorudi 1983 na kumkuta bibi yao akiwa msichana kwenye foleni ya sukari. Tulipiga kwa mama mkubwa, Tanga. Waigizaji walikuwa wanangu na wapwa zangu, shangazi akipika. Nikaipeleka kwenye tamasha moja. Jibu likaja mistari miwili: watoto wanapendeza, lakini hatukujua nani yuko mwaka gani.

Iliniuma, na bado inaniuma. Usiku nikaiangalia peke yangu, sauti nimezima. Dakika ya nne, nyuma ya bega la bibi wa 1983, mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla ambayo 1983 haikuwepo, inawakawaka ukutani! Na safari zenyewe: mara ya kwanza mabinti wanaingia kwenye boksi, mara ya pili wanaota, mara ya tatu wanafumba macho tu. Hakuna mtoto wa miaka minane ambaye angeweza kumsimulia mwenzake.

Kwa hiyo nakuambia, mdogo wangu: kanuni ya safari kwanza, na iwe moja. Yangu niliipata kwenye kopo la maziwa ambamo mama mkubwa alihifadhi sarafu za zamani. Mlikuwa na senti 50 yenye sungura, na shilingi ya 1966, upande mmoja kichwa cha Mwalimu, upande wa pili Mwenge. Nikaandika: ukiifumbata sarafu unafika enzi ilipokuwa ikitumika, na sarafu hiyohiyo ndiyo nauli ya kurudi. Ukiitumia huko, umebaki huko. Boksi nikaliuza chuma chakavu.

Wapo waliotangulia. Shane Carruth, aliyewahi kuwa mhandisi, alipiga Primer, filamu ya kusafiri kwenye muda, kwa takriban dola 7,000, na mwaka 2004 ikatwaa tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Mashine zake ni maboksi tu. (Hiyo si ya watoto, mimi mwenyewe niliichora kwenye karatasi ndipo nikaielewa.) Mfaransa Chris Marker alitengeneza La Jetée ya 1962, nayo ya kusafiri kwenye muda, kwa picha za mnato zisizosogea, dakika 28, na kwa kitambo kifupi tu ndipo picha inasogea: mwanamke anafumbua macho. Hela haikuwatisha, wala isikutishe wewe.

Tukapiga upya, alfajiri kabla bodaboda hazijaanza kelele, kwa kibatari, jiko la mkaa na redio ya betri. Mita tuliifunika kwa khanga. Mwezi uliopita niliionyesha mtaani kwenye shuka jeupe. Kwenye filamu, bibi amesimama foleni tangu usiku, amepungukiwa shilingi moja tu, na mjukuu asiyemjua yuko nyuma yake, shilingi kiganjani. Mtoto mmoja mbele akasimama akapiga kelele: "Usimpe! Utarudi na nini?" Waliotusema kwamba tunacheza na watoto walikuwepo, na waliisikia sauti ile.

Vijana wenzangu, tuache kusubiri kamera za mamilioni. Andikeni. Kaa na daftari wiki nzima kabla hujagusa simu. Mwulize bibi yako bei, nyimbo, harufu za enzi zake. Ukimaliza, andika tena.

Nawe wa Mwanza, nitumie kanuni yako kabla ya Ijumaa, sentensi moja. Na kwanza msomee mdogo wako wa darasa la tatu. Akiuliza swali la pili, ifute.