Baba mdogo, garimoshi na mtu asiyecheka: nilivyoingia kwenye sinema bubu

Mleta uzi ameuliza mambo mawili: mtu anapata raha gani kwenye picha isiyo na sauti, na kuna faida gani kufuatilia maisha ya waigizaji waliokufa kabla hatujazaliwa. Waliotangulia kujibu wamekumwagia orodha za filamu ishirini ishirini. Mimi orodha sina. Nina mtu mmoja, Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi za sinema bubu, na nitakusimulia nilivyofika kwake.

Mwanzo wangu ulikuwa mbovu. Nilinunua mtaani CD ya "vichekesho vya zamani". Watu wanatembea kama wametiwa betri mpya, na piano ni ileile inajirudia mpaka kichwa kinauma. Nikaona ni upuuzi, nikaitupa kabatini. Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba kosa halikuwa la waigizaji. Enzi zile mpiga picha alizungusha kamera kwa mkono, na kasi haikuwa moja. Huyu fremu 16 kwa sekunde, yule 20, mwingine zaidi. Sauti ilipoingia ndipo kasi ikafungwa kwenye 24. Chukua picha iliyopigwa polepole, ionyeshe kwa 24, na msiba utaonekana mbio za magunia. (Vichekesho vingine viliharakishwa kidogo makusudi, lakini si kwa kiasi kile cha CD yangu.) Kwa hiyo ukikutana na nakala ambayo watu wote wanakimbia hata wakiwa wanakunywa chai, achana nayo, tafuta iliyorekebishwa. Zipo nyingi za bure, kwa sababu filamu za Marekani za miaka ya 1920 hakimiliki yake kule imeshakwisha. Mimi nilizishusha kwa bando la usiku.

Sasa, baba mdogo. Alikuwa reli, Tabora, akichochea moto kwenye magarimoshi ya mvuke. Kazi hiyo ilimlea na masikio yake ikayachukua. Kutazama naye tamthilia ni adhabu: anapandisha sauti hadi jirani anagonga ukuta, na bado anakugeukia, "Amesemaje huyo?" Jioni moja nikaona nijaribu, nikamwekea The General ya mwaka 1926 kwenye kompyuta. Inahusu dereva wa garimoshi, anayeigizwa na Keaton, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Maadui wanamwibia injini yake naye anaifukuzia peke yake, na msingi wake ni tukio la kweli la mwaka 1862. Maandishi yale yanayokatiza picha nilianza kumtafsiria. Baada ya kama dakika kumi akaniambia ninyamaze, namsumbua.

Kuna mahali pale mwanzoni jamaa amekataliwa jeshini, mchumba naye kamwona mwoga. Anakaa, kichwa chini, juu ya lile kono la chuma linalounganisha magurudumu ya injini. Injini inaanza kwenda. Kono linampandisha, linamshusha, linampandisha tena, naye kazama kwenye mawazo yake, hana habari, mpaka anakaribia kumezwa na banda. Mimi nilicheka. Baba mdogo hakucheka hata kidogo. Alisogea mbele ya kiti: "Unacheka nini? Gurudumu likiteleza pale, huyo amekwisha!"

Akanieleza, huku akizungusha mkono hewani. Injini ya mvuke ukiiondoa kwa pupa, magurudumu yanazunguka palepale kabla hayajashika reli. Yakizunguka hivyo, kono nalo linazunguka nayo kwa kasi, na aliyekalia anarushwa kama jiwe la kombeo. "Huyo aliyeshika mvuke ndani ni fundi," akasema. "Na huyu aliyekaa nje ni mwendawazimu." Nilikuja kusoma kwamba hata watu wa Keaton waliogopa jambo hilohilo. Ndipo nikaanza kumtafuta huyu mwendawazimu ni nani.

Amezaliwa Kansas mwaka 1895, wazazi wake wakiwa wasanii wa majukwaani wanaotembea mji hadi mji. Tangu mdogo kabisa naye alikuwa kwenye onyesho, na kazi yake ilikuwa kurushwa. Baba yake alimtupa huku na huku jukwaani, na kwenye nguo za mtoto walishonea mpini wa sanduku ili apate kushikika vizuri. Watetezi wa watoto wa New York waliwaandama sana. Pale ndipo alipojifunza kuanguka bila kuumia, na akagundua jambo jingine: akicheka yeye, watu hawacheki, akikaza uso, ukumbi unavunjika mbavu. Ule uso mkavu unaoonekana kwenye filamu zake ni wa mtoto aliyekuwa kazini.

Hapa ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Katika Sherlock Jr. ya mwaka 1924 anakimbia juu ya mabehewa, anadaka bomba la tangi la maji ya injini, maji yanamwagika kwa nguvu na kumbwaga kwenye reli. Anainuka, anakimbia. Sekunde chache tu. Miaka ya 1930 daktari alipompiga picha ya eksirei alikuta mfupa wa shingo uliowahi kuvunjika ukajiunga wenyewe. Nilirudi kwenye kile kipande nikakirudiarudia. Utaona kisogo kinavyofika kwenye chuma, na utaona anavyonyanyuka na kuondoka. Kichekesho bado kipo, lakini sasa tumbo linakaza kwanza.

Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa sinema bubu, naye ni hivyohivyo. Mwaka 1919 alishika bomu lililodhaniwa la maigizo wakati akipigwa picha za matangazo, likamlipukia, likamwondolea kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Miaka minne baadaye, katika Safety Last!, ndiye yule aning'iniaye kwenye saa ya ghorofani. Simamisha picha utazame mkono wa kulia: ni glavu iliyotengenezwa kuficha vidole visivyokuwepo.

Tahadhari moja, maana maisha ya hawa watu yametiwa chumvi nyingi. Mchekeshaji Roscoe Arbuckle ndiye aliyemwingiza Keaton kwenye filamu mwaka 1917. Mwaka 1921 alishtakiwa kwa kifo cha mwigizaji Virginia Rappe. Kesi zikawa tatu, na ya mwisho, Aprili 1922, baraza la wazee wa mahakama lilimwachia na likamwandikia na maelezo ya kumwomba radhi. Mpaka leo kuna watu mtandaoni wanamwita muuaji. Ukisoma habari ya mwigizaji, tafuta kesi iliishaje kabla hujashea.

Keaton mwenyewe hakuangushwa na ujio wa filamu za sauti kama watu wanavyodhani. Sauti yake ilikuwa nzuri tu. Kilichomuumiza ni mkataba wa mwaka 1928 na kampuni kubwa ya filamu ya MGM, ambako hakuwa tena na neno juu ya kazi yake; mwenyewe aliuita kosa kubwa kuliko yote maishani. Pombe ikafuata, ndoa ikavunjika mwaka 1932, na wanawe wawili wakabadilishwa jina la ukoo. Alioa tena mwaka 1940, akatulia, akafanya kazi hadi karibu na kufa, mwaka 1966. Mwaka mmoja kabla, tamasha la filamu la Venice, Italia, lilisimama likampigia makofi.

Nilimsimulia baba mdogo yote haya, nikifikiri ataguswa na ya watoto na pombe. Akasikiliza kwa adabu. Kilichomshika ni daraja. Mwishoni mwa The General daraja linalowaka linakatika na injini inatumbukia mtoni. Hapakuwa na ujanja wa kamera: ni injini ya kweli, kwenye mto wa kweli, karibu na Cottage Grove, Oregon.

"Injini nzima?"

"Nzima."

"Wakaitoa?"

Nikamwambia ilikaa mtoni mpaka Vita vya Pili vya Dunia, ndipo ikakatwakatwa ikauzwa vyuma chakavu. Alisonya kwa uchungu. Siku hizi ananiambia nimwekee tena ile picha, ila tukikaribia daraja anakwenda kuchota maji ya kunywa.